Gego la mwisho: ling'olewe lini, liachwe lini

Mtu mmoja ameambiwa ang'oe magego yake yote manne ya mwisho, ingawa hayamuumi hata kidogo. Mwenzake wa umri uleule ameambiwa ayaache yalivyo, arudi kuangaliwa mwakani. Wakikutana na kulinganisha, kila mmoja huanza kumshuku daktari wake. Huenda madaktari wote wawili wako sahihi. Uamuzi wa kung'oa gego hili hautokani na kuwepo kwake kinywani, na hautokani na maumivu peke yake. Kinachoangaliwa ni jinsi lilivyolala ndani ya taya, hali ya jino lililo jirani yake, na kama mswaki unalifikia.

Gego la mwisho ni lile la tatu kwa kuhesabu magego makubwa ya kusagia chakula, la nyuma kabisa, juu na chini, kulia na kushoto. Gego la kwanza huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, la pili akikaribia miaka 12, na hili la tatu kwa kawaida kati ya miaka 17 na 25. Kwa sababu hutokea mtu akiwa ameshakua, wengi huliita jino la hekima. Mtu mzima mwenye meno yote 32 anayo manne ya aina hii, lakini si kila mtu hujaliwa yote. Takribani mtu mmoja kati ya watano hukosa angalau moja tangu kuzaliwa, na hilo si ugonjwa.

Neno la pili la kulielewa ni jino lililokwama. Hili ni jino lililozuiwa kufika mahali pake, ama na mfupa, ama na ufizi, ama na jino la mbele yake. Taya ni kama benchi la watu wanne linapofikiwa na mtu wa tano: aliyechelewa atakalia ukingo, atamlalia jirani, au atabaki amesimama. Gego la mwisho hufanya hivyohivyo. Katika taya la chini, mara nyingi huinama kwa mbele na kulisukuma gego la pili. Mengine hulala chali kabisa ndani ya mfupa, mengine husimama wima lakini yakakosa nafasi ya kutokeza, na machache huinama kwa nyuma. Hayo ya kuinama nyuma huonekana hayana neno kwenye picha ya eksirei, ila kwenye taya la chini ndiyo humtoa daktari jasho, kwa sababu njia ya kutokea inaelekea ndani ya mfupa wa nyuma wa taya.

Kukwama kwenyewe si ugonjwa. Kuna watu wanaoishi na kuzeeka na gego lililozikwa ndani ya mfupa bila kujua kwamba lipo.

Lenye hatari zaidi ni lile lililotoka nusu. Simama mbele ya kioo penye mwanga wa kutosha, uachame, uvute shavu kwa kidole. Nyuma ya gego la pili la chini utaona kona nyeupe ya jino, na juu yake kipande cha ufizi kilichoifunika sehemu ya nyuma. Kati ya kile kipande na jino kuna mfuko. Chakula huingia humo, mswaki hauingii. Bakteria wanaopenda mahali pasipo na hewa huzaliana humo, na ufizi huanza kuvimba. Ukishavimba, gego la juu huukanyaga kila mtu anapotafuna, nao huzidi kuvimba na kuumia. Mtu huhisi ladha mbaya, hasa akibonyeza kwa ulimi, kwa sababu usaha unatoka. Kinywa hunuka, kumeza huuma upande mmoja, maumivu hupanda hadi sikioni, na tezi za chini ya taya hujaa. Kuachama huwa kazi.

Tiba ya kwanza hapo ni kusafisha. Daktari huosha chini ya kile kipande cha ufizi kwa maji ya chumvi au dawa ya klorheksidini mpaka uchafu utoke, kisha hutoa dawa ya maumivu. Wakati mwingine huchonga ncha ya gego la juu linalokanyaga, au huling'oa hilo la juu ambalo ni jepesi kuliko la chini. Antibiotiki huhitajika ikiwa kuna homa, uvimbe unaosambaa, au taya lililokaza. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Wanameza antibiotiki, maumivu yanaisha siku ya tatu, wanaamini wamepona, na baada ya miezi michache hali inarudi vilevile. Dawa ilipunguza bakteria, lakini ule mfuko haukuondoka. Kunywa antibiotiki mara nne au tano kwa ajili ya jino lilelile ni kuahirisha tatizo, na kila mara mwili unalipa gharama ya dawa hiyo.

Miongozo iliyotolewa Uingereza mwaka 2000 na NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba huko, ilieleza jambo hili kwa namna inayomsaidia hata asiye mtaalamu: uvimbe wa mara ya kwanza, kama si mkali sana, si sababu ya kung'oa, ukirudi mara ya pili, ni sababu. Madaktari wa nchi nyingine hawaufuati mstari huo neno kwa neno, na Marekani hung'oa mapema zaidi ili kuzuia matatizo ya baadaye. Hata hivyo kigezo cha kurudia kina mantiki. Ufizi uliovimba mara mbili katika mfuko uleule utavimba tena.

Maumivu hayatoshi kuwa kipimo

Madhara makubwa zaidi ya gego hili mara nyingi hayaumi yanapoanza. Gego lililoinama mbele hugusana na mgongo wa gego la pili na kuacha pengo dogo lisilosafishika. Jino la pili huanza kuoza hapo nyuma, chini kidogo ya ufizi, mahali ambapo mwenyewe hapaoni na uzi wa kusafishia meno haupiti. Anapoanza kuhisi maumivu, uozo umeshakaribia kiini. Kuziba mahali pale ni kugumu kwa sababu ya kina na unyevu, na baadhi ya watu huishia kupoteza gego la pili, lililokuwa zima na la kazi, kwa ajili ya la tatu ambalo halikuwahi kutafuna chochote. Kwangu hii ndiyo sababu yenye nguvu kuliko zote ya kutosubiri maumivu. Gego la pili lina thamani kubwa zaidi, na ndilo la kulindwa.

Pahali hapohapo mfupa unaoshikilia gego la pili unaweza kulika kwa ugonjwa wa fizi. Mara chache zaidi, mgandamizo wa gego la tatu humeng'enya mzizi wa jirani. Na kuna sisti: kila jino likiwa bado ndani ya mfupa huzungukwa na kifuko laini ambacho hutoweka jino linapotoka. Lisipotoka, kifuko hicho kinaweza kujaa maji na kukua polepole kwa miaka, kikila mfupa bila maumivu yoyote. Jambo hili si la kawaida, lakini ndilo linalofanya picha ya eksirei iwe ya lazima. Kwa macho huwezi kukiona.

Kinyume chake pia ni kweli: maumivu ya nyuma ya taya si lazima yawe ya gego la mwisho. Kiungo cha taya kilichochoka kwa kusaga meno usingizini huuma palepale. Gego la pili lililotoboka huuma palepale. Kwa upande wa juu, sainasi (uwazi wenye hewa ndani ya mfupa wa shavu) iliyojaa humfanya mtu ahisi magego yote ya nyuma yanamuuma kwa pamoja, hasa akiinama. Na jino linapoota huweza kuleta maumivu ya siku chache kwenye ufizi, kisha yakaisha yenyewe. Anayekimbilia kung'oa kabla ya kujua chanzo anaweza kutoka kliniki bila jino na maumivu yakabaki.

Lini ling'olewe, basi? Likiwa limeoza kiasi cha kutozibika, au linaweza kuzibika lakini vifaa havifiki. Likiwa na usaha kwenye mzizi. Ufizi wake ukivimba mara kwa mara. Likianza kuharibu gego la pili, liwe jino lenyewe au mfupa wake. Likiwa na sisti au uvimbe wowote. Likiwa limevunjika, au liko mahali panapotakiwa kufanyiwa upasuaji wa taya. Nje ya hapo kuna eneo la kati: jino lililotoka nusu, limeinama, halina ugonjwa leo, mwenyewe ana miaka 20. Hapo daktari na mgonjwa hukaa wakapima, na mimi naona ni haki kung'oa iwapo picha inaonyesha mgusano mbaya na gego la pili na mtu hawezi kupasafisha. Ni haki pia kusubiri, ila kwa masharti ya kuangaliwa.

La kuachwa ni lile lililotoka lote, limesimama vizuri, linakutana na mwenzake wa taya la pili, na mswaki unalifikia. Hilo ni gego kama magego mengine. Siku moja linaweza hata kushika nafasi ya gego la jirani lililopotea. La kuachwa pia ni lile lililozikwa lote ndani ya mfupa kwa mtu wa makamo, picha ikiwa safi, kwa sababu kulichimbua kunaweza kuleta madhara kuliko kuliacha. Lakini kuacha maana yake si kusahau: linakaguliwa kila mwaka, na picha inarudiwa kwa muda ambao daktari ataona unafaa.

Yanayosemwa na watu

Linalosemwa sana ni kwamba gego la mwisho likiota huyasukuma meno ya mbele yakabanana. Meno ya mbele ya chini hubanana kadiri umri unavyosonga, hilo ni kweli, lakini hubanana hata kwa watu ambao hawakuzaliwa na magego haya na kwa waliokwisha kuyang'oa. Utafiti haujaonyesha kwamba kuyang'oa kunazuia mbanano huo. Kama hiyo ndiyo sababu pekee uliyopewa, omba maoni ya daktari wa pili.

La pili ni hofu ya kwamba kung'oa jino la juu huharibu macho. Neva, yaani mshipa wa fahamu, inayobeba uoni hutoka nyuma ya jicho moja kwa moja kwenda kwenye ubongo na haipiti kwenye meno. Meno yana neva yake nyingine kabisa, inayohusika na hisia za uso. Ganzi ya meno ya juu mara chache huweza kusababisha ukungu wa macho au kuona vitu viwili kwa saa chache, kisha hali hurudi kama kawaida. Huenda hofu hii ilianzia hapo. Watu wamekaa na majipu kwa sababu ya imani hii, na jipu lisilotibiwa karibu na jicho ndilo lenye hatari ya kweli.

Wengine huamini mjamzito haruhusiwi kuguswa meno. Kung'oa kusiko kwa haraka huahirishwa mpaka ajifungue, ni sawa. Lakini maambukizi makali hutibiwa wakati wowote wa ujauzito, kwa sababu homa na usaha ni hatari kwake na kwa mtoto kuliko sindano ya ganzi. Miezi ya kati, kuanzia wa nne hadi wa sita, ndiyo myepesi zaidi kwake kukaa kwenye kiti.

Picha, neva na umri

Kabla ya kung'oa gego la chini, picha ya eksirei inayoonyesha taya zima ni ya lazima. Daktari hatafuti jino tu. Ndani ya taya la chini kuna mfereji unaopitisha neva ya hisia za mdomo wa chini na kidevu, unaoonekana kwenye picha kama mistari miwili myembamba myeupe. Mizizi ikiwa imepita juu ya mfereji huo, akaona mstari mweupe umekatika, au mzizi umeingia giza pale unapovuka, au mfereji umepinda kuukwepa, anajua vinagusana. Hapo huenda akaomba picha ya pande tatu. Neva ya ulimi nayo hupita upande wa ndani wa taya, karibu sana.

Zikiguswa, mtu hubaki na ganzi ya mdomo, kidevu au ulimi. Mara nyingi hisia hurudi ndani ya wiki au miezi. Kubaki hivyo daima hutokea kwa chini ya mtu mmoja kati ya mia, lakini hatari hupanda mizizi ikiwa imekumbatia mfereji. Kwa hali hiyo kuna njia ya kukata kichwa cha jino na kuiacha mizizi humo humo. Si daktari kuacha kazi nusu. Ni mbinu halali, ilimradi mizizi isiwe na maambukizi na jino lisiwe limelegea.

Umri nao una uzito wake. Mtu akikaribia miaka 20 mizizi haijarefuka yote na mfupa bado unanyumbuka kidogo. Baada ya miaka 25 hadi 30 mfupa umekaza, mizizi imekamilika na kusogea karibu na neva, na kidonda hupona polepole zaidi. Kwa hiyo kama sababu ya kung'oa ipo, kuahirisha miaka kumi hakumsaidii mtu. Lakini kuwa kijana peke yake si sababu.

Mweleze daktari mapema kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, na usiziache kwa uamuzi wako. Mweleze kama una kisukari, kama umewahi kupata tiba ya mionzi ya kichwa au shingo, na kama unachomwa sindano au unameza dawa za kuimarisha mifupa za aina ya bisfosfoneti. Mionzi na dawa hizo za mifupa huweza kulizuia taya lisipone.

Siku ya kung'oa na siku zinazofuata

Kwa gego lililokwama, daktari hupiga sindano ya ganzi, hupasua ufizi, huondoa mfupa kidogo kwa mashine inayomwaga maji, hukata jino vipande viwili au vitatu, kisha huvitoa kimoja kimoja na kushona. Mgonjwa huhisi kusukumwa na kusikia kelele. Akihisi maumivu makali ainue mkono, aongezewe ganzi. Kuvumilia hakuna tuzo.

Akimaliza, uma gozi (kitambaa safi cha kidonda) kwa nguvu ya wastani kwa nusu saa mpaka saa moja, bila kuchungulia kila dakika. Damu inayoganda kwenye shimo ndiyo bandeji ya mfupa, na karibu makosa yote ya baadaye ni ya kuiondoa. Saa 24 za kwanza usisukutue, usiteme mate kwa nguvu, usinyonye kwa mrija, usinywe pombe. Sigara iachwe siku tatu kwa uchache, wiki ikiwezekana. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa juu ya shavu kwa dakika 15 hadi 20, pumzisha muda uleule, urudie. Lala kichwa kikiwa juu kidogo. Kuanzia siku ya pili sukutua taratibu kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe cha maji ya uvuguvugu, kila baada ya kula na kabla ya kulala. Ukiwa umeng'oa la juu, usipenge kamasi kwa nguvu kwa wiki mbili, kwa maana mizizi yake hukaribiana na sainasi.

Kwa maumivu, ibuprofeni pamoja na parasetamoli hufanya kazi vizuri kuliko moja peke yake. Kwa mtu mzima mwenye afya parasetamoli isizidi gramu 4 kwa saa 24. Ibuprofeni haimfai mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayoamshwa na dawa hizo, wala mjamzito. Epuka aspirini kutuliza maumivu haya, huongeza kuvuja damu. Ila kama umeandikiwa kwa ajili ya moyo, usiiache bila kumwuliza daktari.

Uvimbe hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, kisha hushuka. Hii ni alama ya kuikumbuka. Maumivu yanayopungua kila siku ni ya kawaida. Maumivu yaliyokuwa yakipungua, kisha kati ya siku ya pili na ya nne yakalipuka, yakapanda sikioni, na shimo likanuka, maana yake damu iliyoganda imetoka na mfupa uko wazi. Hali hii huwapata zaidi wavutaji sigara na wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango. Haiponi haraka kwa vidonge vya maumivu tu, na antibiotiki si tiba yake. Rudi kliniki shimo lioshwe na kuwekwa dawa. Nafuu huanza saa hiyohiyo.

Damu inayotiririka baada ya kuuma gozi saa nzima, homa ya nyuzi 38 au zaidi, na uvimbe unaoendelea kukua baada ya siku ya tatu ni sababu za kurudi siku hiyo. Pima pia kuachama: kwa kawaida vidole vitatu vya mwenyewe, vikipangwa wima, hupita kati ya meno ya juu na ya chini. Baada ya upasuaji nafasi hupungua kwa siku kadhaa, lakini ikizidi kubana badala ya kufunguka, kuna maambukizi. Na mtu ambaye uvimbe umeshuka chini ya taya na shingoni, mate yanamdondoka kwa sababu hawezi kumeza, ulimi umesukumwa juu, au sauti imebadilika, awe ameng'oa jino au bado, apelekwe hospitali yenye huduma ya dharura wakati huohuo, hata usiku wa manane. Uvimbe huo unaweza kuziba njia ya hewa ndani ya saa chache.